Siku Tuliyorudisha Picha Nyuma

Swali mnaloniuliza zaidi, vijana, ni hili: "Mzee, Kichina ulijifunzia wapi?" Mnaniuliza mkiwa na simu zenu, vipaza sauti vidogo mmevibana kwenye kola. Mnatafsiri muvi chumbani na kuirusha mitandaoni kabla chai haijapoa. Jibu langu ni fupi. Sikujifunza popote. Kichina sikijui mpaka leo, na Kihindi changu kinaishia kwenye kuuliza bei. Nilichojifunza ni kutazama, na hata hicho nilikisahau siku moja mbele ya mtaa mzima.

Kwa wasionifahamu, nilikuwa mtafsiri wa picha katika kibanda cha video cha Mama Massawe, kwenye uchochoro unaotokea Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Leo pale wanauza makava ya simu. Vibanda vile watu waliviita vibanda umiza, na aliyewahi kukalia mabenchi yetu tangu mwanzo wa picha hadi mwisho hahitaji kuelezwa sababu. Mbele kulikuwa na televisheni ya chogo juu ya kabati. Pembeni yake ilikaa deki, na pembeni ya deki nilikaa mimi na kipaza sauti kilichofungwa kwa utepe mweusi. Picha inasema kwa lugha yake, mimi nasema juu yake kwa Kiswahili, papo kwa papo. Jina langu la kazi lilikuwa DJ Taratibu. Sikujipa mwenyewe. Nilipewa na watazamaji waliochoka kunisubiri.

Kazi nilifundishwa na Mzee Mbaruku wa Ilala, fundi redio mwenye sauti ya kusimamisha lori. Siku ya kwanza hakunipa kipaza sauti. Alinipa kiti, akawasha picha ya ngumi, kisha akazima sauti kabisa.

"Niambie nani anampenda nani, na nani anamwogopa nani."

"Mzee, mbona sauti hakuna?"

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Nilikaa kwenye kiti kile majuma mengi. Nilijifunza kwamba mkubwa halisi ni yule asiyegeuka anapoitwa. Mtu mwenye hofu huongea huku tumbo limerudi ndani. Na katika picha za ngumi, anayevua koti polepole ndiye atakayepigwa. Hayo hayategemei lugha.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kunipa ya mdomoni. Kipaza sauti kikae kwenye kidevu, kisikae mdomoni, la sivyo kila "p" inalipuka kama tairi. Karanga usile kabla ya kazi. "Paa!" usiiseme ngumi ikiwa bado njiani, maana watu watacheka hata kwenye kisa cha huzuni. Wahusika wape majina ya mtaani, kwa sababu mtazamaji hawezi kumlilia mtu ambaye jina lake halimkai mdomoni. Juu ya hayo yote aliweka sheria moja: picha kwanza, mdomo baadaye. Usiseme jambo ambalo picha haijakuonyesha.

Mimi ni mtu wa utaratibu, kwa hiyo sheria ile niliigeuza kuwa mazoea. Kila picha niliitazama mara tatu kabla ya kuifikisha kwa watu. Mara ya kwanza niliitazama kama mtu aliyelipa kiingilio, ya pili nikichagua majina, ya tatu nikijisemea peke yangu. Wenzangu walinicheka. Walikuwa wakichukua diski mpya dukani na kwenda nayo moja kwa moja kwenye kipaza sauti. Mmoja wao aliwahi kutafsiri msiba mzima wa Kichina kama harusi, kwa sababu watu walivaa nyeupe. Alisherehesha vizuri tu mpaka jeneza lilipoingia. Akasema, "Na hili, ndugu watazamaji, ni sanduku la zawadi za bibi harusi." Habari ile ilifika mpaka Buguruni, nilikokuwa nikiishi. Nilicheka sana. Nisingecheka vile kama ningejua zamu yangu inakuja.

Ilianza na beseni la unga. Watoto wa mtaa walikuwa wakijipenyeza kibandani kutazama picha za ngumi, kisha wanakwenda kuzijaribu nyumbani. Binti mmoja wa miaka minane hivi, Tunu, aliruka teke uani kwao na kutua ndani ya beseni la unga wa mchele. Beseni lilikuwa la mama yake, muuza vitumbua aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Mama Tunu. Huyu hakuja kutugombeza. Alifunga khanga kiunoni, akakusanya kina mama wenzake, wakaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Pazi.

Kesho yake Mzee Pazi alisimama mlangoni petu.

"Shikamoo, Mwenyekiti," alisema Mama Massawe.

"Marahaba. Mama, nimegongewa na kina mama kabla sijanawa uso. Wanataka nifunge."

"Uwafunge watoto, au ufunge kibanda?"

"Kibanda. Watoto wamewashinda."

Mama Massawe alikuwa mjane kutoka Kilimanjaro. Alianza kwa kuuza soda nje ya vibanda vya wengine hadi akasimamisha cha kwake, na watoto wake watatu walisoma kwa kibanda kile. "Nikifunga tutakula nini, Mwenyekiti? Mabenchi?"

Mzee Pazi alikuna kidevu. Hakuwa mtu mkali, lakini kina mama wale ndio waliomchagua. Akatoa sharti: Jumamosi alasiri tuonyeshe picha ambayo mtoto anaweza kuitazama akiwa amekaa na mama yake. Kina mama watakuja, naye atakuja. Wakitoka wameridhika, kibanda kibaki. Wakitoka wamenuna, Jumatatu kufuli.

Nilikwenda kwa Bwana Kanti, mwenye duka la vifaa vya umeme na diski. Familia yake ya Kihindu imekuwa Kariakoo tangu enzi za babu yake, na Kiswahili chake kilikuwa na mafuta kuliko changu.

"Unataka ya familia? Ipo," alisema. "Watoto maskini, wanadharauliwa, wanajifunza ngumi, wanakwenda kupambana na shule ya matajiri. Hakuna damu, hakuna busu. Binamu yangu aliitazama na mama mkwe wake, hawakugombana hata kidogo."

"Nipe basi."

"Iko kwenye mzigo. Mzigo uko bandarini."

"Unatoka lini?"

"DJ, mzigo ni wangu na mimi mwenyewe sijui."

"Maandishi chini yapo?"

"Maandishi yapo."

Mzigo ulitoka Jumamosi yenyewe. Diski ilinifikia adhuhuri ikiadhiniwa. Niliiweka kwenye deki na kukuta kwamba Bwana Kanti alisema kweli: maandishi yalikuwepo. Yalikuwa ya Kichina.

Sikuwa na muda wa mara tatu. Sikuwa na muda hata wa mara moja. Nilitazama huku Mama Massawe akifagia na kupanga mabenchi. Niliona watoto wanne na ua lenye ukuta uliobomoka. Niliona watoto wa shule ya matajiri wakimwaga maji ambayo wale wanne wametoka kuyateka. Halafu akaingia mwanamke mmoja mwenye kovu shavuni, anayechechemea, uso mkavu, fimbo mkononi. Hasemi kitu. Akaanza kuwagonga watoto kwa ile fimbo. Hapo watu wakaanza kuingia, nikazima. Lakini nilitulia, kwa sababu nilikuwa nimempata adui wangu.

Niwaeleze hili. Katika kazi yetu kila picha ilikuwa na stelingi na adui. Stelingi ndiye tunayemfuata, na adui ndiye anayewafanya watu wasilale. Mtafsiri asiyekuwa na adui mapema alikuwa hatarini. Na maadui wengine tulikuwa nao mfukoni, tayari kwa matumizi: tajiri, mchawi, mjomba mwenye tamaa. Nilimtazama yule mwanamke anayeishi na watoto wasiofanana naye, nikaingiza mkono mfukoni, nikamtoa mama wa kambo.

Kibanda kilijaa. Kina mama walikaa mabenchi ya mbele. Mzee Pazi alikaa mwisho wa benchi karibu na mlango, kofia yake magotini. Watoto walikuwa sakafuni. Picha ilipoanza wakafanya kama walivyozoea, kila mmoja kuchukua mtu wake kwenye kioo.

"Mimi yule mrefu!"

"Wangu yule anayejua kuruka!"

Mtoto wa nne kwenye picha hakupata mtu. Alikuwa msichana mdogo kuliko wote, na kila akiinua mguu anaanguka.

"Huyo mpeni Tunu! Wote wanatua kwenye beseni!"

Walicheka mpaka nikalazimika kunyamaza. Tunu hakucheka wala hakulia. "Poa," alisema. "Namchukua."

Msichana yule nilimpa jina la mtaani, Chiku. Mambo yalikwenda vizuri. Maji yalipomwagwa, kina mama walisonya kwa pamoja, na Mama Massawe akanionyesha dole gumba kutoka mlangoni. Ndipo akaingia yule mwenye fimbo. Nikashusha sauti, kama nilivyofundishwa.

"Ndugu watazamaji, huyu sasa ndiye mama wa kambo. Watoto hawa hakuwazaa yeye, na hataki wafike popote!"

Vijana wa nyuma walizomea vizuri kabisa. Mabenchi ya mbele yakawa kimya. Kisha sauti ya mtoto ikatoka sakafuni:

"Tunu, kama wa kwako!"

Vichwa vyote viligeuka. Mimi wa Buguruni nikajua dakika ile jambo ambalo mtaa mzima ulilijua: Mama Tunu hakumzaa Tunu. Alimkuta akiwa mtoto wa kubebwa. Mama Massawe alinitazama kama mtu anayeangalia sinia la glasi likiwa hewani.

Mtafsiri akikwama huongeza sauti. Hilo ni kosa la kazi yetu sote, na mimi nililifanya kikamilifu. "Anawapiga!" nilisema. "Anasema, 'Leo mtanitambua! Hapa si kwa mama yenu!'"

Mama Tunu akasimama. Nilidhani anatoka, na nusu ya kibanda nyuma yake.

"Wewe DJ."

"Naam, mama."

"Huyo mwanamke unamjua?"

"Simjui, mama."

"Sasa mbona unamsemea?"

Kibanda kikasema "Eeeh!" kwa sauti moja.

"Tazama hiyo fimbo," aliendelea. "Inagonga wapi?"

Nilitazama. "Miguuni."

"Unyayo. Kila mara unyayo. Na mtoto akigongwa anafanya nini?"

"Anausogeza mguu."

"Akishausogeza?"

Nilingoja fimbo ishuke tena. Haikushuka. "Hagongwi tena."

"Mwenye chuki hachagui pa kupiga," alisema Mama Tunu. "Huyo anafundisha. Anawapanga wasimame sawasawa. Mimi nalea, najua."

Nilikumbuka kiti cha Ilala. Majuma yote yale sauti ikiwa imezimwa yalikuwa kwa ajili ya jambo hili hili. Nikasimamisha picha. Wakubwa wa kazi hii wanajua uzito wake: kusimamisha picha ya ngumi katikati ilikuwa kama kuondoa sahani mtu akiwa na tonge mkononi.

"Ndugu watazamaji," nilisema, "nimekosea. Nimemsemea mtu kabla sijamtazama. Tunarudisha nyuma."

"Rudisha na kiingilio!" alipiga kelele kijana mmoja wa nyuma.

"Kiingilio hakirudi!" alijibu Mama Massawe. "Picha ndiyo inarudi. Kaa chini!"

Nikarudisha hadi pale mwanamke anapoingia uani. Safari hii sikumpa neno hata moja. Alikuwa kimya kwenye picha, nikamwachia kimya chake. Tukaona mambo ambayo mimi mchana sikuyaona. Watoto wakishaondoka, mwanamke anainama kwa tabu, na ule mguu wake mbovu, anaokota vipande vya matofali mahali wanaporukia peku. Anapitisha kiganja ardhini, kama mtu anayepapasa mchele kutafuta mawe.

"Onaaa," alisema mama mmoja polepole. "Anaogopa watajikata."

Mtoto yule mwenye mdomo akauliza tena, sasa kwa udadisi tu: "Tunu, na wa kwako anakugonga miguu?"

"Ananigonga nikivaa viatu kinyume."

"Na leo umevaa hivyo hivyo," alisema Mama Tunu bila kugeuka.

Kibanda kizima kiliangua kicheko, Mzee Pazi akiwa wa kwanza. Tunu akainama kubadilisha viatu.

Kuanzia hapo sikuwa najua chochote kuliko wao. Sehemu iliyobaki sikuwahi kuitazama. Nilisema kile tu nilichokiona, na nilipokosa walinisahihisha. Kina mama walitambua kabla yangu kwamba kovu la mwanamke na kuchechemea kwake vilitoka kwenye mapambano yale yale ambayo watoto wanayaendea. Watoto walitambua kabla yangu kwamba Chiku ndiye atakayebaki wa mwisho. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nusu yake haikuwa yangu.

Mwisho, Chiku alisimama na msichana wa shule ya matajiri aliyekuwa mrefu mara mbili yake. Akaanguka. Akainuka, akaanguka tena. Mzee Mbaruku alikuwa akisema kwamba mtafsiri hulipwa kwa pale anaponyamaza, kwa hiyo nilikizima kipaza sauti. Kwenye picha nako kulikuwa kimya. Pembeni ya uwanja, mwanamke mwenye kovu aliinua fimbo yake, akagonga sakafu mara moja: ko!

Chiku akatazama miguu yake.

Fimbo haikuwa imegonga mara ya pili nilipousikia mlio ule ule nyuma yangu. Kiatu cha Tunu kwenye saruji. Ko! Kisha mtoto mwingine, kisha wote, kisha kandambili za kina mama, kisha vijana wa nyuma. Sakafu ikatetemeka, kabati likaanza kucheza, televisheni ikasogea ukingoni. Niliruka, nikaikumbatia kwa mikono miwili nikiwa nyuma yake.

Ndiyo maana mwisho wa picha ile, siku ile, sikuuona. Nilikuwa nimeushika kwa mgongo. Nilizitazama nyuso zao. Waliacha kupiga miguu wote kwa pamoja. Midomo ikabaki wazi. Tunu alisimama taratibu, miguu imeachana kidogo, goti moja limekunjwa, sawasawa kabisa. Kisha kelele zikapanda mpaka bati likalia. Hapo nikajua kwamba Chiku hakuanguka tena.

Taa zilipowashwa, Mzee Pazi alivaa kofia yake na kusimama.

"Kina mama, mnasemaje?"

Wote walimtazama Mama Tunu. Alifungua khanga kiunoni, akaifunga upya, bila haraka.

"Mwenyekiti, mimi sikuja hapa kusifia."

"Ndiyo, mama."

"Picha za damu, mtoto asikanyage hapa. Mlango uwe na mtu."

"Nitakaa mimi mwenyewe," alisema Mama Massawe.

"Na huyu DJ awe anatazama kwanza."

"Nitatazama, mama."

"Na Jumamosi muanze nikishamaliza kuroweka mchele wangu. Siwezi kuja mbio na mikono ya unga."

Mzee Pazi alijitahidi kukaza uso. "Kwa hiyo nifunge, nisifunge?"

"Utafungaje, nami nimekwambia Jumamosi?"

Kibanda kilidumu miaka mingi baada ya hapo, mpaka simu zilipoyamaliza mabenchi na koo langu likaanza kukwaruza. Sikitiko sina. Ninyi mna vifaa ambavyo sisi hatukuviota, na sauti zenu nyingine ni nzuri kuliko yangu. Ila fanyeni jaribio moja. Kabla ya kumpa mtu jina, zimeni sauti. Tazameni mkono unashuka wapi. Tazameni anayegongwa anafanya nini baada ya hapo.

Jumamosi iliyofuata nilifungua picha nyingine. Mama Tunu alikuwa benchi la mbele, mikono safi, na Tunu sakafuni akiegemea magoti yake. Kwenye kioo akatokea mwanamume mwenye sharubu na kicheko kibaya. Nikasogeza kipaza sauti kidevuni, nikavuta pumzi.

"DJ," alisema Mama Tunu. "Huyo umemtazama?"

"Mara tatu, mama."

"Haya. Endelea."